Jimbo la Marekani Linaweza Kufanya Nini ili Uchumi wa Kanda Yake Ustawi?

Mwezi Septemba 2017 kampuni ya Amazon ilitangaza kwamba inatafuta mahali pa kujenga makao makuu yake ya pili. Iliahidi kuwekeza dola bilioni 5 na kuajiri watu wapatao 50,000, kisha ikawaalika viongozi wa majimbo na miji wapeleke maombi yao. Maombi 238 yalipokelewa kutoka Marekani, Kanada na Mexico, na mengi yalisheheni misamaha ya kodi, ruzuku na ahadi za ardhi. Novemba 2018 kampuni hiyo ilichagua maeneo mawili, New York na kaskazini mwa Virginia. Miezi mitatu baadaye ilijitoa New York, ambako ilikuwa imeahidiwa vivutio vya karibu dola bilioni 3, baada ya kupingwa na sehemu ya wanasiasa na wakazi.

Habari za New York ndizo zilizovuma, lakini mambo ya Virginia ndiyo yanayostahili kuchunguzwa zaidi. Jimbo hilo liliahidi dola 22,000 kwa kila ajira kwa ajira 25,000 za mwanzo, kwa sharti kwamba ajira zenyewe ziwe zenye mishahara mikubwa na malipo yafuate baada ya watu kuajiriwa, si kabla. Sambamba na hilo lilikubali kuchangia gharama za kampasi mpya ya chuo kikuu cha Virginia Tech mjini Alexandria, mradi wa dola bilioni 1, na kuviwezesha vyuo vikuu vya umma kutoa wahitimu wa ziada zaidi ya 25,000 wa fani za kompyuta katika muda wa miaka 20. Mwaka 2023 kampuni ilipoahirisha awamu ya pili ya ujenzi wake, mpango wa vyuo uliendelea, kwa kuwa haukuwa mali ya mwekezaji yeyote. Wahitimu hao wanaweza kuajiriwa na kampuni hiyo, na washindani wake, au wakaanzisha kampuni zao wenyewe.

Katika mkataba huo mmoja zimo falsafa mbili za kujenga uchumi, na makala haya yanahusu tofauti kati yake. Ya kwanza huuliza ni kampuni gani iletwe na kwa bei gani. Ya pili huuliza kanda yenyewe ina nini kinachoifanya kampuni yoyote, kubwa au changa, ione faida ya kufanya kazi hapo. Ushahidi uliokusanywa kwa miongo kadhaa unaelekea upande wa pili, ingawa fedha nyingi na sherehe nyingi bado zinaelekezwa upande wa kwanza, na sababu za hali hiyo hazieleweki bila kutazama muundo wa serikali zenyewe.

Jimbo la Marekani lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na kodi zake. Hata hivyo halichapishi fedha, halipangi viwango vya riba, haliruhusiwi kutoza ushuru wa forodha kwa bidhaa za jimbo jirani, wala haliwezi kumzuia mfanyakazi au kiwanda kuvuka mpaka. Karibu kila jimbo limefungwa na sheria inayolitaka lisawazishe bajeti yake ya kawaida, kwa hiyo uchumi unapodorora na mapato ya kodi yakashuka, jimbo hulazimika kupunguza matumizi wakati uleule ambapo wananchi wanayahitaji zaidi. Mambo yaliyobaki mikononi mwake, hata hivyo, si madogo: elimu kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, barabara, sheria za mikataba na ajira, leseni za taaluma, mfumo wa kodi, na mamlaka juu ya matumizi ya ardhi.

Chini ya jimbo zipo serikali za mitaa zaidi ya 90,000 nchi nzima, ukihesabu kaunti, manispaa, wilaya za shule na mamlaka maalumu za maji, zimamoto au usafiri. Katiba ya Marekani haizitaji hata mara moja. Mwaka 1868 Jaji John Forrest Dillon wa Iowa aliweka kanuni inayofuatwa hadi leo katika majimbo mengi, kwamba mji una mamlaka yale tu uliyopewa na jimbo. Majimbo mengine, kwa kufuata njia iliyofunguliwa na katiba ya Missouri ya mwaka 1875, huiruhusu miji ijitungie hati zake na kuendesha mambo yake kwa uhuru mpana zaidi.

Uchumi nao haufuati ramani hiyo. Kanda ya kiuchumi ni eneo ambalo watu wake wanalala upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine, kampuni zake zinagombea wafanyakazi walewale, na msongamano wa magari wa mji mmoja unawachelewesha wakazi wa mji wa pili. Kanda ya Washington imo katika mji mkuu wenyewe, Maryland na Virginia. Kanda ya Kansas City imekatwa katikati na mpaka wa Missouri na Kansas. Kanda kama hizo hazina gavana, hazina bunge, na mara nyingi hazina hata ofisi moja yenye wajibu wa kuuliza kama eneo zima linasonga mbele au linarudi nyuma. Nadhani hili ndilo chimbuko la matatizo mengi yatakayoelezwa hapa: wenye mamlaka wamegawanyika, ilhali uchumi wanaotaka kuujenga ni mmoja.

Tuwatendee haki viongozi wanaowakimbilia wawekezaji, kwa sababu hoja yao ya msingi ni sahihi. Ajira za mahali zinagawanyika katika makundi mawili. Zipo zinazouza bidhaa au huduma nje ya kanda, kama kiwanda cha magari, kampuni ya programu za kompyuta au hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa kutoka mbali, na zipo zinazowahudumia wakazi wenyewe, kama kinyozi, mwalimu au muuza duka. Kundi la kwanza huingiza fedha kutoka nje, na fedha hizo zikizunguka ndani huzaa kundi la pili. Mwanauchumi Enrico Moretti wa chuo kikuu cha California, Berkeley, amekadiria kwamba ajira moja ya teknolojia ya juu huambatana, baada ya muda, na ajira nyingine zipatazo tano katika eneo hilohilo. Gavana anayetaka kiwanda anataka kitu chenye thamani kweli, na mjadala wa haki ni wa bei anayolipa pamoja na swali la kama kiwanda hicho kisingekuja bila malipo hayo.

Mvuto wa kuchezea uchumi kwa fedha za umma ni wa zamani. Mwaka 1817 jimbo la New York, chini ya Gavana DeWitt Clinton, lilianza kuchimba mfereji wa Erie kwa fedha zake lenyewe baada ya serikali kuu kukataa kusaidia. Ulipokamilika mwaka 1825 ulikuwa na urefu wa maili 363 na uligharimu takriban dola milioni 7. Gharama ya kusafirisha mizigo kati ya Maziwa Makuu na bandari ya New York ilianguka hadi sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa, ushuru wa mfereji ukalipa deni lake, na mji wa New York ukaziacha nyuma bandari shindani za pwani ya mashariki. Majimbo mengine yaliona mafanikio hayo yakakopa kwa kasi kujenga mifereji, reli na benki, mingi ya miradi hiyo ikiwa haina mizigo ya kubeba. Mdororo ulioanza mwaka 1837 ulipowafika, majimbo manane, yakiwemo Pennsylvania, Indiana na Michigan, yalishindwa kulipa madeni yao mwanzoni mwa miaka ya 1840. Katiba nyingi za majimbo ziliandikwa upya baada ya hapo, na zikapiga marufuku jimbo kukopa bila mipaka au kuzidhamini na kuzikopesha kampuni binafsi kwa fedha za umma.

Mwanya ulipatikana karibu karne moja baadaye. Mwaka 1936 Mississippi, likiwa miongoni mwa majimbo maskini kuliko yote, lilipitisha mpango wa Gavana Hugh White wa kusawazisha kilimo na viwanda. Miji iliruhusiwa kutoa hatifungani kwa idhini ya wapiga kura, kujenga majengo ya viwanda, na kuyakodisha kwa kampuni za kaskazini kwa bei ya chini sana. Kampuni zilikuja, nyingi zikiwa za nguo na mavazi zilizotafuta ujira mdogo. Majimbo mengine ya kusini yaliiga, ya kaskazini yakajibu, na ndani ya kizazi kimoja mbinu ya jimbo moja maskini ikawa desturi ya nchi nzima. Hapo faida yake ikayeyuka, maana kivutio ambacho kila jirani anakitoa hakimvuti tena mtu yeyote, bali humpunguzia mwekezaji gharama popote atakapokaa.

Mtu aliyetumia muda mrefu kupima jambo hili ni Timothy Bartik, mwanauchumi wa taasisi ya Upjohn iliyoko Kalamazoo, Michigan. Alipozipitia tafiti zilizofanywa na wengine alihitimisha kwamba vivutio vya kawaida hubadilisha uamuzi wa kampuni kwa kiasi cha kati ya asilimia 2 na asilimia 25 ya visa. Yaani katika kila kampuni 100 zilizopewa vivutio, 75 au zaidi zingefanya vilevile bila kupewa chochote. Hili halishangazi mtu akitazama hesabu za kampuni yenyewe: kodi zote za jimbo na mitaa kwa pamoja ni sehemu ndogo ya gharama zake zikilinganishwa na mishahara, ambayo hutegemea ujuzi uliopo, na zikilinganishwa na umbali kutoka kwa wateja na wauzaji wa malighafi.

Upungufu wa pili haujulikani sana, nao ni mzito zaidi. Tuseme kivutio kimefaulu na ajira mpya zimekuja kweli. Baada ya miaka kadhaa sehemu kubwa ya ajira hizo huishia kwa watu waliohamia kutoka kwingine, kwa sababu Wamarekani huhama kufuata kazi. Wageni hao hulipa kodi, lakini pia wana watoto wanaohitaji madarasa na magari yanayohitaji barabara, kwa hiyo ongezeko la mapato ya serikali humezwa kwa kiasi kikubwa na ongezeko la mahitaji. Ikiwa kampuni yenyewe imesamehewa kodi kwa miaka 15, pengo litazibwa na wakazi wengine au na shule. Ripoti zinazowasilishwa mbele ya madiwani kabla ya kura huwa kimya kuhusu hili mara nyingi: huhesabu kila ajira kana kwamba isingekuwepo bila ruzuku, huzidisha kwa ajira za ziada, na haziandiki gharama ya upande wa pili.

Kisa cha Wisconsin kinaonyesha hatari hizo zikiwa pamoja. Mwaka 2017 jimbo hilo, chini ya Gavana Scott Walker, liliahidi kampuni ya Foxconn ya Taiwan karibu dola bilioni 3 ili ijenge kiwanda cha vioo vya skrini katika kijiji cha Mount Pleasant, kwa matarajio ya uwekezaji wa dola bilioni 10 na ajira 13,000. Kwa hesabu nyepesi hiyo ni karibu dola 230,000 kwa kila ajira. Tena, kwa kuwa viwanda vya Wisconsin tayari vilikuwa vimepunguziwa kodi ya mapato hadi karibu na sifuri, sehemu kubwa ya kivutio hicho ingekuwa fedha taslimu kutoka hazina ya jimbo. Ofisi ya fedha ya bunge la jimbo yenyewe ilikadiria kwamba fedha hizo zisingerudi kabla ya mwaka wa fedha 2042-43. Kijiji na kaunti vilikopa kununua ardhi na kuleta maji na barabara, na wakazi waliondolewa katika nyumba zao. Kiwanda kilichoahidiwa hakikujengwa. Aprili 2021 mkataba uliandikwa upya: vivutio visivyozidi dola milioni 80 kwa ajira 1,454. Kilichoiokoa hazina ya jimbo ni kifungu kilichosema malipo hufuata ajira. Kijiji hakikuwa na kinga ya aina hiyo kwa miundombinu ambayo kilikuwa kimekwisha kuilipia.

Kwa nini basi mchezo huu unaendelea? Katika majimbo karibu yote gavana huchaguliwa kwa miaka minne. Kiwanda kina siku ya kutangazwa, kina picha na kina idadi ya ajira inayoweza kutajwa katika kampeni, ilhali msamaha wa kodi wa miaka 15 utalipwa na magavana watatu watakaomfuata. Mtoto aliyepata elimu bora ya awali leo ataingia katika soko la ajira baada ya miongo miwili, naye hatajua ni nani wa kumshukuru. Mpiga kura naye hana njia ya kuona kampuni ambayo ingekuja bila kivutio. Mahakama hazijasaidia sana: mwaka 2006, katika kesi iliyotokana na msamaha aliopewa mtengenezaji wa magari mjini Toledo, Ohio, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba walipa kodi waliofungua shauri hawakuwa na haki ya kushtaki, ikaliacha swali lenyewe bila jibu. Hatua yenye maana zaidi ilitoka kwa bodi inayoweka viwango vya uhasibu wa serikali, ambayo tangu mwaka 2015 inazitaka serikali za majimbo na mitaa zionyeshe katika hesabu zao mapato ya kodi waliyoyaacha kwa mikataba ya misamaha. Wilaya ya shule sasa inapaswa kuonyesha fedha ilizopoteza hata kama aliyetoa msamaha ni mji.

Uharibifu huwa mbaya zaidi pale mashindano yanapokuwa ndani ya kanda moja. Mwaka 2011 kampuni ya sinema ya AMC ilikubali kuondoka katikati ya Kansas City, Missouri, kwenda Leawood upande wa Kansas, umbali wa dakika chache kwa gari, ikifuata vivutio vya mamilioni ya dola. Mwaka huohuo makao makuu ya migahawa ya Applebee's yalikwenda njia iliyo kinyume, kutoka Kansas hadi Missouri. Wafanyakazi wengi hawakuhitaji hata kuhama nyumba, na kanda kwa ujumla haikuongeza ajira yoyote, ila hazina mbili za majimbo zilipungua. Mwaka 2019 Missouri ilitunga sheria ya kusitisha vivutio vya kuhamishana kampuni katika kaunti za mpakani, na Gavana Laura Kelly wa Kansas akajibu kwa amri kama hiyo. Yalikuwa makubaliano ya kupongezwa, lakini hayakugusa kila kitu: mwaka 2024 Kansas ilipitisha sheria ya kugharimia viwanja vya michezo kwa hatifungani ili kuzivuta timu zilizoko Missouri.

Minnesota iliingia ndani zaidi ya tatizo. Sheria yake ya mwaka 1971 inazitaka jamii zote za kaunti saba zinazozunguka Minneapolis na Saint Paul ziweke katika mfuko mmoja asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda inayotozwa kodi, kisha mfuko huo ugawanywe kwa kuzingatia idadi ya watu na uwezo wa kila jamii. Mji ukipata jengo jipya la ofisi, majirani zake nao wanafaidika, hivyo kishawishi cha kuwanyang'anya kinapungua na pengo kati ya vitongoji tajiri na maskini linakuwa dogo. Upo pia Metropolitan Council, ulioundwa mwaka 1967, unaosimamia maji taka, usafiri na mipango ya kanda nzima. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani ilipoanza, ikashinda, na imedumu zaidi ya nusu karne. Ninashangazwa na jinsi majimbo machache yalivyoiiga.

Kuhusu viwango vya kodi kwa ujumla, mjadala wa umma huwa mkali kuliko ushahidi. Kansas ilifanya jaribio la wazi mwaka 2012, pale Gavana Sam Brownback alipopunguza kodi ya mapato na kuwaondolea kabisa wamiliki wa biashara zinazolipia kodi kupitia mapato binafsi ya mwenye mali. Ukuaji ulioahidiwa haukutokea, mapato yalipungua, barabara na shule zikaumia, na mwaka 2017 bunge lenye Warepublican wengi lilifuta sehemu kubwa ya punguzo hilo huku likiipindua kura ya turufu ya gavana. Hilo halimaanishi kwamba kodi hazina madhara. Linamaanisha kwamba mwekezaji hutazama pia kile kinachonunuliwa kwa kodi hizo.

Muundo wa kodi, kwa upande mwingine, una athari ambazo watu wengi hawazioni. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha pendekezo namba 13, lililoweka kikomo cha asilimia 1 kwa kodi ya ardhi na majengo na kuzuia thamani inayotozwa isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali itakapouzwa. Mji uliojenga nyumba mpya ukawa unapata kodi ndogo na wakazi wengi wa kuwahudumia. Mji uliojenga maduka makubwa ukapata sehemu ya kodi ya mauzo bila mtoto hata mmoja wa kupeleka shule. Madiwani walifanya hesabu, na kwa miongo kadhaa waligombea wauza magari na maduka huku nyumba zikikosekana kwa watu wa kufanya kazi humo.

Turudi kwa falsafa ya pili. Mwaka 1961 South Carolina, wakati wa Gavana Ernest Hollings, ilianzisha mfumo wa vyuo vya ufundi uliofungamanishwa na mpango wa kuwafundisha wafanyakazi kwa ajili ya kampuni mpya, kwa gharama ya jimbo. BMW ilipotangaza mwaka 1992 kwamba itajenga kiwanda Spartanburg ilipewa pia vivutio vya fedha na ardhi, ila mafunzo yalikuwa sehemu ya mkataba ambayo ingebaki katika vichwa na mikono ya wakazi hata kama kampuni ingeondoka. Aina hii ya msaada ina sifa nyingine inayopendwa na Bartik: huduma inayolenga hitaji mahususi la biashara, kama mafunzo au ushauri wa kiufundi, huzalisha ajira kwa gharama ndogo mara kadhaa kuliko msamaha wa kodi. Vituo vya ushauri wa viwanda vilivyotokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 sasa viko katika majimbo yote 50. Vinagharimiwa kwa pamoja na serikali kuu, majimbo na ada za wateja, na vinawafikia wenye viwanda vidogo ambao hawana uwezo wa kuajiri mtaalamu wa kuwaonyesha mashine gani inunuliwe au soko gani lifuatwe. Mwenye karakana ya watu 40 hatafutwi na gavana yeyote, wakati kwa pamoja watu wa namna yake huajiri wafanyakazi wengi.

North Carolina ilichagua njia ndefu zaidi. Katika miaka ya 1950 uchumi wake ulitegemea tumbaku, nguo na samani, mishahara ilikuwa ya chini, na wahitimu wa vyuo vyake vikuu waliondoka kutafuta kazi kwingine. Gavana Luther Hodges aliungana na wafanyabiashara na vyuo vikuu vitatu vya Raleigh, Durham na Chapel Hill, na mwaka 1959 wakaanzisha eneo la utafiti lililoitwa Research Triangle Park. Kwa miaka sita ya mwanzo waliokodi nafasi humo walikuwa wachache kiasi kwamba wengi waliuona mradi huo umeshindwa. Mwaka 1965 IBM na taasisi ya shirikisho ya utafiti wa afya na mazingira zilikubali kuja, na kuanzia hapo mambo yakabadilika. Miji mingi iliyotaka kuiga ilijenga majengo na mabango bila kuwa na vyuo vikuu vitatu vilivyokwisha kuwekezewa kwa zaidi ya nusu karne, na bila uvumilivu wa kungoja.

Sera nyingine haigharimu hazina hata senti moja. Kampuni nyingi za Marekani humtaka mfanyakazi asaini kifungu cha kutofanya kazi kwa mshindani kwa muda fulani baada ya kuondoka. California imekataa kuvitambua vifungu hivyo tangu mwaka 1872, na watafiti wengi wanaamini kwamba uhuru wa wahandisi kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine, wakiwa na ujuzi wao, ni miongoni mwa sababu za kustawi kwa Silicon Valley, eneo la kampuni za teknolojia la jimbo hilo. Michigan nayo ilikuwa na marufuku ya namna hiyo, ikaifuta mwaka 1985 ilipokuwa inarekebisha sheria za ushindani, pasipo dalili kwamba wabunge walikusudia jambo hilo. Tafiti zilizofuata ziligundua kwamba wavumbuzi wa Michigan walipunguza kubadilisha waajiri, na baadhi yao walihamia majimbo yasiyotambua vifungu hivyo. Massachusetts iliweka mipaka yake mwaka 2018, ikiruhusu muda usiozidi mwaka mmoja kwa kawaida. Kitu kinacholinda kampuni iliyokwisha kusimama kinaweza kuizuia ile ambayo ingezaliwa, na bunge la jimbo ndilo linaloamua upande upi upewe uzito.

Baada ya yote hayo bado kuna kizuizi ambacho hukutana na kanda zilizofanikiwa kuliko zote. Kazi nzuri zikiongezeka na nyumba zisiongezeke, faida ya ustawi huhamia kwa mwenye ardhi. Mwalimu, muuguzi na mpishi wanaishi mbali saa mbili, au wanaondoka kabisa katika jimbo, kama ilivyotokea katika eneo la San Francisco. Nguvu ya kupanga matumizi ya ardhi ni ya jimbo, lakini katika miaka ya 1920 majimbo karibu yote yaliikabidhi kwa miji, na Mahakama Kuu iliithibitisha mwaka 1926 katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio. Tangu hapo sehemu kubwa ya ardhi ya makazi imetengwa kwa nyumba ya familia moja tu katika kiwanja kimoja. Kila mji una sababu zake za kukataa majengo zaidi, na jumla ya sababu hizo ni kanda isiyo na mahali pa kumlaza mfanyakazi wake.

Majimbo kadhaa yameanza kuirudisha nguvu hiyo kwa sehemu. Oregon ilipitisha sheria mwaka 2019 inayoitaka miji yenye watu zaidi ya 10,000 iruhusu angalau nyumba za familia mbili pale inaporuhusiwa ya familia moja, na miji mikubwa iruhusu hadi nne. California ilifuata mwaka 2021 kwa kuruhusu kiwanja kigawanywe na kujengwa nyumba zaidi ya moja. Ndipo swali la Jaji Dillon, la mamlaka ya mji mbele ya jimbo, liliporudi mahakamani. Miji mitano yenye hati zake ilishtaki ikidai kwamba jambo hilo ni la kwake, na mwaka 2024 jaji wa Los Angeles aliipa haki, kwa hoja kwamba sheria haikuonyesha jinsi inavyowapatia watu wa kipato cha chini nyumba wanazozimudu. Bunge la California likairekebisha sheria mwaka huohuo, likapanua maelezo ya lengo lake, na kusisitiza kwamba upungufu wa nyumba ni jambo linaloihusu California yote.